Hoteli za kifahari zenye mgahawa juu ya paa, Mji Mkongwe: naomba mwongozo kwa safari ya wazazi

Msafiri_Mpole aliuliza:

Habari wakuu. Nawapeleka wazazi Zanzibar mwezi wa saba, usiku mbili tu, tunatokea Dar kwa boti. Mzee anataka jambo moja: akae juu ya paa Mji Mkongwe, atazame jua likizama. Mama ana shida ya goti. Anatembea vizuri ila ngazi zinamchosha. Hela ipo ya kulala pazuri, lakini sitaki kulipia picha ya mtandaoni halafu tukifika tukute kingine.

Nisaidieni haya:

1. Nitafute hoteli ambayo mgahawa wa paani uko humohumo, au haina ulazima?
2. Ngazi zikoje kwenye yale majumba ya zamani? Lifti zipo?
3. Tupande juu saa ngapi?
4. Niulize nini kabla sijatuma pesa?

Natanguliza shukrani.

---

BintiKiponda alijibu:

Karibuni. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyafunga pamoja: kitanda na paa. Mgahawa mwingi wa paani hupokea mtu yeyote aliyeweka nafasi, hata kama halali pale. Na aliyelala pale hana kiti cha uhakika juu kama hakuweka nafasi. Kwa hiyo chagua chumba kwa ajili ya goti la mama, chagua paa kwa ajili ya macho ya mzee. Si lazima ziwe nyumba moja.

Halafu ujue kuna aina mbili za mandhari. Ya kwanza ni ya ukingoni mwa bahari, upande wa Shangani. Huko ndiko iliko Serena, na Park Hyatt iliyo ndani ya jengo la Mambo Msiige. Hapo mnakaa kwenye baraza au kando ya bwawa na bahari iko mbele yenu, hakuna kinachokinga. Utaona maji, ngalawa na majahazi. Mji hutauona, maana uko mgongoni.

Ya pili ni ya katikati ya mji. Emerson on Hurumzi iko nyuma ya Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), Emerson Spice iko Kiponda mtaa wa Tharia, na kuna Maru Maru na Swahili House. Hizi zina paa lenyewe. Ukiwa juu unaona mji mzima umekuzunguka: minara ya misikiti, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, mnara wa kanisa la Anglikana kule Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na bahari kwa mbali upande wa magharibi. Nakwambia mapema ili mzee asishangae: sehemu kubwa ya utakachokiona ni mabati yenye kutu. Wengine huona ni uchafu. Mimi naona jua la jioni likigonga kutu ile, rangi yake hakuna bahari inayoifikia, lakini huo ni mtazamo wangu.

Kama mzee anasema "jua likizama" akimaanisha jua kuingia majini, mpeleke Shangani. Kama anamaanisha Mji Mkongwe uonekane, mpandishe Hurumzi au Kiponda. Muulize kwanza, ndipo ulipie.

---

FundiChokaa alijibu:

Nijibu la ngazi maana hilo ndilo litakaloamua safari yenu.

Majumba haya yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zinafika nusu mita na zaidi. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya asili ni vyembamba na virefu kama ushoroba. Ngazi nazo zilibanwa kwenye nafasi iliyobaki. Vidato vingi vinapita sentimita 20 kwa kimo, wakati ngazi ya kisasa huwa kati ya 15 na 18. Tena havilingani: kimoja kirefu, kinachofuata kifupi, cha tatu kimelika katikati. Goti halisumbuliwi na wingi wa vidato peke yake, linasumbuliwa zaidi na huko kutolingana, kwa sababu mguu unakosa mazoea.

Paa la mgahawa kwa kawaida liko juu ya ghorofa ya tatu au ya nne, na kipande cha mwisho huwa ngazi ya mbao iliyosimama wima zaidi kuliko zote, kwa kuwa kibanda cha juu kiliongezwa baadaye. Mara nyingi kishikio ni kamba nene iliyofungwa ukutani. Kupanda saa 11 jioni mama ataweza, akipumzika kila ghorofa. Shida ni kushuka saa 3 usiku, taa hafifu, tumbo limejaa. Goti huuma kwenye kushuka kuliko kupanda. Chukueni tochi ndogo, na anayemsindikiza atangulie chini yake, asikae nyuma.

Lifti: nyumba nyingi za asili hazina, na hawaruhusiwi kutoboa ovyo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kuna mamlaka maalumu ya uhifadhi inayosimamia kila badiliko la jengo. Kichekesho ni kwamba Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilikuja kuwa na lifti enzi za usultani, na majirani zake mpaka leo wanapanda kwa miguu. Zile zenye lifti, uliza inaishia wapi. Nyingine inafika ghorofa ya vyumba vya juu, halafu ngazi mbili za mwisho kwenda paani ni za kupanda mwenyewe.

Chumba: msichukue cha ghorofa ya juu kabisa hata kama kimeandikwa ndicho bora. Sababu ni tatu. Kiko chini ya mabati, kwa hiyo joto la mchana linabaki humo mpaka usiku. Kiko chini ya sakafu ya mbao ya mgahawa, na kiti kikiburutwa juu ya mbao kinasikika chini kama kinaburutwa kichwani mwako. Na kiko usawa mmoja na vipaza sauti vya misikiti, kwa hiyo adhana ya alfajiri, kama saa 11, inaingia moja kwa moja. Mtu wa ibada atafurahi, aliyezoea kulala mpaka saa 2 atalalamika. Ghorofa ya kwanza ndiyo tamu: kuta nene zinatunza ubaridi, ngazi ni chache, mgahawa uko mbali. Ila kama dirisha linatazama uchochoro, chumba kitakuwa na giza mchana kutwa. Dai chumba kinachotazama uwanja wa ndani au barabara pana kidogo.

Jambo dogo la mwisho: kuta hizo hizo zinazoleta ubaridi zinaua mtandao wa intaneti. Mapokezi unashika, kitandani haushiki.

---

Msafiri_Mpole aliandika:

Asanteni sana. @FundiChokaa umenifumbua macho, nilikuwa karibu kulipia chumba cha juu kabisa kwa sababu kilikuwa na kibaraza. Vipi kuhusu muda na siku? Mawingu ya mwezi wa saba yakoje?

---

Lenzi_ya_Jioni alijibu:

Muda nitakupa kamili.

Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo saa ya jua kuzama haibadiliki sana kwa mwaka. Mapema zaidi ni katikati ya Mei, kama saa 12:14 jioni. Oktoba ni kama saa 12:16. Kuchelewa kabisa ni mwanzoni mwa Februari, karibu saa 12:48. Ninyi mwezi wa saba katikati, wekeni saa 12:22.

Mkae mkiwa mmeshatulia saa 11:30. Hii siyo mbwembwe. Mwanga mzuri wa kuona mji unaanza kama dakika 45 kabla jua halijazama, pale ambapo kuta zinageuka rangi ya asali na vivuli vya minara vinalala juu ya mapaa. Ukifika saa 12:15 umelikuta jua lenyewe, umekosa mji. Na msinyanyuke jua likishatoweka. Kwetu huku giza linaingia haraka, dakika kama 22 hivi kisha usiku, lakini ndani ya dakika hizo ndimo anga hupata rangi, na taa za mji zinawaka moja moja.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: anadhani jua linazama pale pale mwaka mzima. Juni na Julai linazama zaidi ya nyuzi 20 kaskazini ya magharibi kamili. Desemba linazama nyuzi 23 kusini ya magharibi. Hiyo tofauti ya nyuzi zaidi ya 40 ni kubwa mno ukiwa juu ya paa. Ukiwa Hurumzi mwezi wa saba, jua linashuka upande wa Forodhani, bustani ya ukingoni mwa bahari, na Beit al-Ajaib, na bahari inaonekana nyuma yake. Ukiwa hapo hapo Desemba, linashuka juu ya mapaa ya Shangani. Kwa hiyo ukiweka nafasi, usiseme tu "meza yenye mandhari". Sema "meza ya upande wa Forodhani". Wahudumu wanaelewa haraka.

Nikukumbushe pia kuhusu picha za mtandaoni. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya jengo, na ukarabati wake umechukua muda mrefu. Picha ya paani inayoonyesha mnara ule mzimamzima, bila jukwaa la mafundi wala mabati ya uzio, huenda ni ya kabla ya hapo. Basi na samani unazoziona kwenye picha hiyo huenda ni za zamani hivyo hivyo. Omba picha ya mwezi huu, ipigwe kutoka kwenye meza yenyewe, siyo kutoka angani.

Hali ya hewa: Julai ni kipupwe, upepo ni wa kusi, mvua ni haba. Mawingu huwepo vipande vipande, na afadhali yawepo, anga tupu halina rangi. Ila juu ya paa upepo hausimami, na jua likishazama wazee husikia baridi. Mama achukue mtandio mzito au kanga mbili. Mishumaa mezani huzimika, leso za karatasi hupeperuka, hilo mlizoee. Faida yake mbu wanakuwa wachache juu kuliko chini uani.

Aprili na Mei usithubutu kwa ajili ya paa. Masika yakishika, migahawa mingi ya juu huhamia chini na baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa matengenezo.

---

Karani_Mstaafu alijibu:

Mimi nitazungumzia pesa na maneno ya kuandika. Wengi wanapoteza hapo.

Bei mnayoiona kwenye tovuti za kubuku ni ya watalii wa nje. Hoteli nyingi zina bei ya mkaazi wa Afrika Mashariki, lakini hawaitangazi, na mtambo wa kubuku hauijui. Unaipata ukiwaandikia moja kwa moja na kusema ninyi ni Watanzania. Mkifika wataomba vitambulisho kuthibitisha, vyote, siyo chako peke yako. Mkikosa kimoja wana haki ya kukutoza bei kamili kwa mtu huyo. Vitambulisho hivyo hivyo mtavihitaji bandarini, na jina la tiketi ya boti lilingane na kitambulisho.

Pili, uliza jumla. Kodi ya ongezeko la thamani imo au haimo? Tozo ya miundombinu, ambayo huhesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, imo? Huduma imo? Ukilipa kwa kadi wanaongeza asilimia ngapi? Bei ya chumba inaweza kuonekana ya kawaida, halafu haya manne yakaja kwenye bili ya mwisho wakati boti inawasubiri.

Tatu, chakula cha paani. Baadhi ya migahawa haina orodha ya kuchagua. Kuna mlo mmoja wa hatua kadhaa, wote mnaanza pamoja kwa wakati mmoja, na viti ni vichache. Emerson Spice wanajulikana kwa utaratibu huo wa mlo wa hatua tano. Mkichelewa nusu saa mmekosa hatua ya kwanza na jua pia. Hapo ni lazima uweke nafasi siku kadhaa mbele, na useme mapema nani hali pweza, nani ana kisukari, nani hatumii kilevi. Kwingine mnaweza kupanda kwa kinywaji tu, lakini kuna wanaotoza kiingilio ambacho kinakatwa kwenye bili. Uliza.

Nakuandikia ujumbe, unakili ubadilishe tarehe:

*"Habari. Sisi ni Watanzania watatu. Tunaomba vyumba viwili kwa usiku mbili, tarehe … hadi …, kwa bei ya mkaazi. Tafadhali tujulishe: (a) jumla kwa shilingi, pamoja na kodi na tozo zote, (b) vyumba viko ghorofa ya ngapi na kuna vidato vingapi kutoka mlangoni hadi kitandani, (c) kuna vidato vingapi kutoka chumbani hadi paani, (d) tunaweza kupata meza ya watu watatu upande wa Forodhani, yenye viti vya kuegemea, saa 11:30 jioni tarehe …, (e) mvua ikinyesha mnatuhamishia wapi na malipo ya awali yanakuwaje, (f) tukiahirisha siku saba kabla, tunarudishiwa kiasi gani. Mmoja wetu ana shida ya goti."*

Swali la vidato linawachekesha watu wa mapokezi, lakini aliyelijibu kwa namba ameenda kuhesabu. Aliyejibu "vichache tu" hajahesabu, na mara nyingi hakukujibu yale mengine pia.

---

BintiKiponda alijibu:

@Karani_Mstaafu umesema vizuri hapo kwenye viti vya kuegemea, naomba nikazie. Baadhi ya mapaa huketisha wageni kwenye mito na majamvi, viatu mnaacha pembeni. Pazuri sana kwa vijana. Mama mwenye goti akishakaa chini, kumwinua ni kazi ya watu wawili, na heshima yake inaondoka mbele ya wageni. Sema neno "kiti" waziwazi.

Ila sikubaliani na kuwafungia wazee mlo wa hatua tano wa saa tatu juu ya paa. Ningewapangia hivi: paani saa 11:30 kwa chai au maji ya matunda na kitafunwa, mteremke kama saa 12:35, bado mwanga upo kwenye ngazi. Kisha mle chini. Bustani ya Forodhani iko karibu, urojo na mishikaki mnachagua wenyewe, mnakaa sawa na ardhi. Mzee amepata jua lake, mama hajashuka gizani.

---

Karani_Mstaafu alijibu:

Mpango huo nauafiki kwa sharti moja: hakikisha paa hilo linapokea watu wa vinywaji saa hiyo. Yale ya mlo mmoja hayakupi meza ya chai muda wa machweo, kwa sababu viti hivyo ndivyo vinauzwa kwa chakula. Ni pale ambapo watu huambiwa "njooni saa 9 alasiri," wanapanda, wanaungua na jua, wanashuka kabla halijazama.

---

Lenzi_ya_Jioni alijibu:

Mawili nimeyasahau.

La kwanza ni adabu ya kamera. Paani unaona nyua za watu, kamba za nguo, akina mama wakiwa nyumbani kwao bila buibui. Mji huu ulijengwa kwa sitara, madirisha yakapangwa jirani asimchungulie jirani, halafu sisi tukaja tukapanda juu ya yote. Piga upeo wa mbali, usivute lenzi kuelekea chini. Na kamera ya kurusha iacheni Dar. Inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, hoteli haiwezi kukupa ruhusa hata mhudumu akisema "hamna shida".

La pili ni kunguru, kwa wale wanaopewa kifungua kinywa juu. Wale kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, nao hawajaacha kazi. Wanasimama kwenye ukingo wa paa wakikutazama kwa jicho moja. Ukigeuka kumimina chai, mkate umekwenda. Wanajua pakiti ya sukari, wanaichana kwa mdomo, wanamwaga yote mezani wakitafuta chembe. Usiache sahani wazi kwenda kupiga picha, na usiwarushie kitu, maana ukimrushia mmoja wanakuja ishirini.

---

Mwenda_Pwani alijibu:

Nimesoma yote, naongeza ya kufika. Gari haliingii vichochoroni. Hoteli za Shangani gari linafika mlangoni au karibu sana. Za Hurumzi na Kiponda taksi inawaacha ukingoni, Forodhani au Darajani kutegemea na upande, halafu mnatembea. Mwambie mtu wa mapokezi atume kijana mwenye rikwama awapokee bandarini Malindi, mizigo iende kwa rikwama na wazee wapande taksi hadi mwisho wa njia ya gari. Masanduku yenye magurudumu madogo yanahangaika kwenye mawe ya vichochoro, na kwenye ngazi ndiyo kabisa. Mabegi laini ya mkononi yanabebeka.

Safari ya boti huchukua muda wa kama saa mbili. Julai kusi linachafua bahari, hasa safari za mchana, basi chukueni ya asubuhi. Mama akae chini, katikati kuelekea nyuma, ambako kuyumba ni kidogo. Dawa ya kichefuchefu inywewe angalau nusu saa kabla, siyo baada ya kuanza kutapika.

Na kama umepanga paa siku ile ile ya kufika, hamishia siku ya pili. Siku ya kwanza boti ikichelewa, nafasi uliyoweka imepotea. Mkipanda siku ya kwanza kwa kujaribu bahati na ikashindikana, bado mna jioni nyingine.

---

FundiChokaa alijibu:

@Mwenda_Pwani la siku naona kinyume. Weka nafasi rasmi siku ya *kwanza*, na ya pili iwe akiba. Ukiweka siku ya pili na wingu likafunga, ndiyo basi. Boti ya asubuhi inakufikisha kabla ya adhuhuri, wazee wanalala mchana, saa 11 wana nguvu.

---

Mwenda_Pwani alijibu:

Kwa boti ya asubuhi, sawa, umeshinda. Kwa boti ya mchana nabaki na langu.

---

Msafiri_Mpole aliandika:

Nimewaandikia hoteli tatu kwa ujumbe wa @Karani_Mstaafu. Moja imejibu "ngazi ni za kawaida". Ya pili haijajibu. Ya tatu imejibu: vidato 19 hadi chumbani, 61 zaidi hadi paani, vya mwisho 14 ni vya mbao, meza ya upande wa Forodhani ipo saa 11:30 kwa vinywaji tu ila wanataka tushuke saa 1 kamili kupisha wa chakula. Mzee nimemuuliza, anataka kuuona mji. Hivyo vidato 61 mama ataviweza?

---

FundiChokaa alijibu:

Hao waliohesabu ndio wa kulala kwao. Vidato 61 ukivigawanya kwa mapumziko mawili njiani ni kama 20 kila mara, mtu anayetembea vizuri anavimudu akianza saa 11:10 bila kukimbizwa. Mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mbovu unatangulia kushuka, kila kidato miguu yote miwili ikutane kabla ya kinachofuata. Kwenye zile 14 za mbao ashuke kinyumenyume, uso ukitazama ngazi, kama anayeshuka kwenye mnazi. Na waulize kama kishikio cha hapo ni cha mbao au ni kamba. Ikiwa ni kamba, wewe utangulie chini, mzee abaki juu yake.